Kazi ya Nyumbani na Mgawanyo wa Mali za Ndoa: Somo Kutokana na Hukumu ya Bi Hawa Mohamed

Miongoni mwa maswali yanayofikishwa mara kwa mara katika ofisi za kata na mbele ya mabaraza ya usuluhishi wa ndoa ni hili: ndoa ikivunjika, nyumba na shamba ni vya nani? Majibu yanayotolewa mitaani ni mawili. Wako wanaosema kuwa mali ni ya yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye hati. Wako pia wanaosema kuwa sheria imekwisha kugawa kila kitu nusu kwa nusu, hivyo hakuna haja ya kubishana. Majibu hayo yote mawili yamewaponza wengi. La kwanza limewafanya wanawake kadhaa waondoke mikono mitupu bila hata kufika mahakamani. La pili limewafanya wengine wafike mahakamani bila shahidi wala karatasi, wakiamini kuwa hakimu atakata katikati kama mkate.

Jibu la sheria ya Tanzania Bara limo katika Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971, Sura ya 29 ya Sheria za Tanzania, na katika hukumu za mahakama zilizoifafanua. Hukumu iliyo mama wa nyingine zote katika jambo hili ni ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika Rufaa ya Madai Namba 9 ya mwaka 1983, kati ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Somo hili linaieleza hukumu hiyo, linaonyesha jinsi ilivyoendelezwa na hukumu za baadaye, na kisha linataja hatua ambazo mkazi wa kata anapaswa kuzifuata.

Shauri lenyewe

Wahusika wa shauri hilo walikuwa mume na mke waliofunga ndoa ya Kiislamu. Ndoa ilipovunjika, mke aliomba apewe sehemu ya mali za ndoa, hususan nyumba ya familia. Hakuwa na mshahara wala biashara iliyochangia fedha za kuipata nyumba hiyo. Alichokuwa nacho ni miaka ya kuitunza nyumba, kupika, kufua na kumhudumia mume wake aliyekuwa akienda kazini.

Shauri lilianzia katika Mahakama ya Mwanzo ya Ilala, Dar es Salaam. Mahakama hiyo iliona kuwa mdai alikuwa mke tu, na kwa kuwa nyumba ilinunuliwa na mume kwa fedha zake mwenyewe, mke hakuwa na haki yoyote ndani yake. Mahakama Kuu nayo ilikubaliana na msimamo huo. Bi Hawa hakukata tamaa. Alifika Mahakama ya Rufani, ambayo ni ngazi ya mwisho nchini.

Swali lililokuwa mbele ya majaji lilikuwa fupi, lakini uzito wake uligusa kila kaya: je, kazi za nyumbani anazozifanya mke ni mchango katika kupatikana kwa mali za ndoa?

Maneno ya sheria

Kifungu kilichobishaniwa ni cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Kifungu hicho kinaipa mahakama mamlaka, inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, kuagiza mgawanyo wa mali zilizopatikana wakati wa ndoa kwa jitihada za pamoja za wanandoa. Katika kugawa, mahakama inaelekezwa kuzingatia mambo manne. La kwanza ni mila na desturi za jamii ya wanandoa hao. La pili ni kiasi cha mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi, katika kuzipata mali hizo. La tatu ni madeni waliyoingia kwa manufaa ya wote wawili. La nne ni mahitaji ya watoto wadogo, kama wapo. Baada ya kuyapima hayo, mahakama inatakiwa kuelekea kwenye usawa wa mgawanyo.

Msomaji aangalie maneno mawili kwa makini. Neno la kwanza ni “kazi”. Sheria haikusema fedha na mali pekee. Ilitaja kazi kuwa aina kamili ya mchango. Neno la pili ni “kuelekea”. Sheria haikusema kuwa mali zitagawanywa sawa kwa sawa. Imesema kuwa mahakama itaelekea huko baada ya kuzingatia mambo mengine. Usawa ni mahali ambapo mizani inaelekezwa, lakini kinachowekwa kwenye mizani hiyo ni ushahidi wa pande mbili.

Mitazamo miwili iliyokuwapo

Kabla ya mwaka 1983, majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Kundi moja lilishika mtazamo finyu. Kwa maoni yao, mke anapopika na kulea anatimiza wajibu aliouingia siku ya kufunga ndoa. Hiyo ni kazi ya kila mke, na haiwezi kugeuzwa kuwa hisa katika nyumba. Kundi jingine lilishika mtazamo mpana. Kwa maoni yao, mume anayekula, kuvaa na kulala katika nyumba iliyotunzwa, huku watoto wake wakilelewa, ndiye anayepata nafasi ya kutafuta fedha. Kumnyima mke sehemu ya matunda ya nafasi hiyo ni kumdhulumu.

Matokeo ya mgawanyiko huo yalikuwa mabaya kwa raia. Wanawake wawili wenye mazingira yanayofanana wangeweza kupata hukumu tofauti, kwa kutegemea tu ni jaji yupi amepangiwa jalada lao.

Uamuzi wa Mahakama ya Rufani

Hukumu ya Mahakama ya Rufani ilisomwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama iliuliza kwanza: Sheria ya Ndoa ilitungwa kuponya ugonjwa gani? Ikajibu kuwa ilikusudia kuondoa hali ya wanawake walioolewa kunyonywa na kukandamizwa na waume zao, hali iliyokuwa imezoeleka kwa muda mrefu. Sheria iliyotungwa kwa lengo hilo haiwezi kusomwa kwa namna inayoiacha hali hiyo iendelee.

Mahakama ikaendelea kueleza kuwa ustawi wa familia ni sehemu ya msingi ya shughuli za kiuchumi za mwanamume au mwanamke mwenye familia. Anayechangia ustawi huo anachangia pia kupatikana kwa mali za familia. Kwa hiyo maneno “jitihada za pamoja” na “kazi” yaliyomo katika kifungu cha 114 yanajumuisha kazi za nyumbani za mume na mke. Mtazamo mpana ukawa ndiyo sheria, na mahakama zote zilizo chini ya Mahakama ya Rufani zikafungwa nao.

Inafaa ieleweke pia kuwa uamuzi huo ulitolewa kwa kutumia Sheria ya Ndoa ingawa ndoa yenyewe ilikuwa ya Kiislamu. Kwa Tanzania Bara, sheria hiyo inagusa ndoa za dini zote, ndoa za kimila na ndoa za kiserikali.

Alishinda hoja, akakosa nyumba

Sehemu ya hukumu ambayo haisimuliwi sana ni mwisho wake. Pamoja na kukubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango, Mahakama ya Rufani haikumpa Bi Hawa sehemu ya nyumba. Ushahidi ulionyesha kuwa wakati wa ndoa mume alimpa fedha za kuanzisha biashara kwa manufaa ya familia, na fedha hizo zikatapanywa. Mahakama iliona kuwa mwenendo huo ulipunguza ustawi wa familia badala ya kuujenga, na kwamba kwa kupokea fedha hizo alikuwa amekwisha kupata sehemu ambayo angestahili. Rufaa yake ikatupwa.

Hapa pana funzo la pande mbili. Kwa upande mmoja, jina la Bi Hawa limebaki katika vitabu vya sheria kwa sababu hoja yake iliwafungulia mlango wanawake wengi waliomfuata. Kwa upande wa pili, shauri lake linaonyesha kuwa haki hiyo haipatikani kwa kuwa mke tu. Mahakama inapima kilichofanyika. Mwanandoa aliyejenga anaongezewa kwenye mizani, na aliyebomoa anapunguziwa. Kipimo hicho kinamhusu mume kama kinavyomhusu mke: mume aliyeuza mazao ya familia na kuyamaliza kilabuni hana kinga kwa sababu jina lake liko kwenye hati.

Hukumu zilizofuata: ushahidi ndio msingi

Baada ya mwaka 1983, mahakama ziliendelea kujenga juu ya msingi huo. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ilieleza kuwa mke aliyezaa na kulea watoto na kuitunza nyumba alimpa mumewe nafasi ya kufanya shughuli za kiuchumi, hivyo alistahili kuvuna matunda ya kile alichokipanda pamoja naye.

Hata hivyo, kadiri miaka ilivyokwenda, swali la “je, kuna mchango?” lilifuatwa na swali gumu zaidi: “ni mchango kiasi gani?” Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, katika rufaa iliyosikilizwa Tanga, ilisisitiza kuwa kiasi cha mchango wa kila mwanandoa ni jambo la kuamuliwa kwa ushahidi uliotolewa mahakamani. Hakimu hawezi kukisia. Hawezi kutoa nusu kwa huruma, wala hawezi kutoa robo kwa mazoea. Anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Mume ni dereva wa malori ya masafa marefu. Mke amebaki kijijini kwa miaka 12 na watoto wanne. Katika muda huo ekari tatu za mikorosho zimepandwa na nyumba ya matofali ya kuchoma imejengwa. Hati ya shamba na risiti za bati na saruji zina jina la mume, kwa sababu fedha zilitoka kwake. Mke akisimama mahakamani na kusema tu, “Nami nilishiriki,” atakuwa amesema kweli bila kuithibitisha.

Mke huyo huyo anaweza kumwita fundi aliyejenga, akaeleza ni nani aliyekuwa akimpa chakula, kumpokelea mchanga na kuhesabu mifuko ya saruji. Anaweza kumwita jirani aliyemwona akipalilia mikorosho msimu hadi msimu. Anaweza kuleta daftari la kikoba linaloonyesha mkopo aliouchukua mwezi ule paa lilipoezekwa. Anaweza kuleta taarifa za simu za fedha alizotumiwa kwa ajili ya ujenzi na kuonyesha zilivyotumika. Karatasi za malipo ya chama cha ushirika, kadi za kliniki na taarifa za shule zenye jina lake kama mzazi aliyefuatilia, zote zina sauti. Kwa ushahidi wa namna hiyo, kazi yake inakuwa na kipimo ambacho hakimu anaweza kukitumia.

Mume naye ana wajibu uleule. Anayedai kuwa aliipata nyumba kabla ya ndoa aonyeshe mwaka wa kununua. Anayedai kuwa mwenzake alitapanya mtaji aeleze ni kiasi gani, lini, na nani alishuhudia.

Mali zipi zinagawanywa?

Si kila kilichomo ndani ya uzio ni mali ya ndoa. Mali za ndoa ni zile ambazo mmoja au wote wawili walizipata kwa nia kwamba ziwahudumie wao na watoto wao katika maisha yao ya pamoja. Sheria ya Ndoa inatambua pia kuwa kila mwanandoa anaweza kuwa na mali yake binafsi, na kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali.

Kuhusu jina kwenye hati, kifungu cha 60 kinasema kuwa mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mwanandoa mmoja itachukuliwa kuwa ni yake peke yake, hadi ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, itachukuliwa kuwa ni yao kwa usawa, vilevile hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo jina si neno la mwisho, lakini si jambo dogo. Anayetaka kulipinga ndiye anayebeba mzigo wa ushahidi. Wanandoa wanaosajili shamba au kiwanja kwa majina yao mawili wanajiepusha na mzigo huo mapema.

Shamba la urithi au nyumba aliyokuwa nayo mmoja kabla ya kuoa au kuolewa kwa kawaida hubaki kuwa yake. Sheria imeweka mlango mmoja: mali ya namna hiyo inaweza kuhesabiwa katika mgawanyo iwapo iliendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwanandoa mwenzake au kwa jitihada zao za pamoja. Aliyeolewa akaikuta nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, kisha wakaijenga upya kwa matofali ikawa ya vyumba vinne, anaweza kuiweka mbele ya mahakama.

Na mila je? Kifungu cha 114 kinaitaja mila kuwa mojawapo ya mambo ya kuzingatiwa. Lakini mila haiwezi kutumiwa kufuta usawa uliowekwa na Katiba. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililoamuliwa Mwanza na Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu ilikataa kanuni ya mila za Wahaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, ilhali mwanamume aliruhusiwa kuuza. Shauri hilo lilihusu urithi na uuzaji wa ardhi, si talaka, lakini ujumbe wake unawafaa wazee wa ukoo wanaoitwa kusuluhisha migogoro ya ndoa: mila inayombagua mtu kwa jinsia yake haina nguvu mbele ya Katiba.

Ulinzi wakati ndoa ingali hai

Migogoro mingi ya mali huanza kabla ya talaka, pale mmoja anapouza kwa siri. Sheria imeweka kinga. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mwanandoa mwenye nyumba ya ndoa kuiuza, kuigawa, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Mwanandoa ambaye jina lake halimo kwenye hati anatambuliwa kuwa na maslahi katika nyumba hiyo, na anaweza kuyalinda kwa kusajili zuio.

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inaongeza jambo lililo karibu sana na hoja ya Bi Hawa. Kifungu cha 161 kinaeleza kuwa ardhi yenye hakimiliki iliyo kwa jina la mwanandoa mmoja, lakini ambayo mwenzake ameifanyia kazi ya kuizalisha, kuitunza na kuiendeleza, inampa mwenzake huyo maslahi katika ardhi hiyo kwa sababu ya jasho lake. Kifungu hichohicho kinamtaka mnunuzi aulize iwapo mwanandoa wa muuzaji ameridhia. Kwa hiyo wanunuzi wa viwanja na mashamba nao wanahusika na somo hili. Saini ya mume pekee mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji inaweza kumletea mnunuzi kesi ya miaka mingi.

Njia ya kufuata

Yapo makosa ya utaratibu yanayoangusha madai mazuri. La kwanza ni kudhani kuwa mali zinaweza kugawanywa na kikao cha ukoo, ofisi ya mtendaji au baraza la usuluhishi. Wote hao wanaweza kusuluhisha na kushauri, lakini mamlaka ya kuvunja ndoa kwa amri ya talaka na kugawa mali chini ya kifungu cha 114 ni ya mahakama. Karatasi ya mgawanyo iliyosainiwa ofisini inaweza kuwa ushahidi wa makubaliano, haiwi hukumu.

La pili ni kwenda mahakamani kabla ya baraza. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro wa ndoa upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza lithibitishe kwa hati kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Mabaraza hayo yapo katika kata, na yapo pia yanayoendeshwa na jumuiya za dini. Sheria inataka baraza liwe na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Hati inayoambatanishwa na maombi ya talaka isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya maombi kufunguliwa. Mwaka 2020, katika rufaa iliyosikilizwa Mtwara, Mahakama ya Rufani ilibatilisha mwenendo wa shauri la talaka kwa kuwa lilifunguliwa bila hati halali ya baraza. Wahusika walikuwa wamepita ngazi zote hizo, wakarudishwa mwanzo.

Wajumbe wa mabaraza ya kata waone uzito wa jambo hili. Barua fupi isemayo “tumeshindwana nao, waendelee mbele” inaweza kumgharimu mwananchi miaka. Pande zote mbili ziitwe, zisikilizwe, na hati iandikwe kwa fomu iliyowekwa. Sheria ina nafasi chache ambapo hati haihitajiki, kama vile mwanandoa aliyetoroka na hajulikani aliko, au aliyeitwa na baraza akakataa kwa makusudi kufika.

La tatu ni kuomba talaka bila kuorodhesha mali. Mdai aziorodheshe mali moja moja, aeleze zilipo, zilipatikana lini na alichangia nini. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza mashauri haya, na ndiyo iliyo karibu zaidi na wakazi wengi.

La nne ni kuchelewa kukata rufaa. Asiyeridhika na uamuzi amwulize karani wa mahakama, siku hiyohiyo ya hukumu, muda wa rufaa ni siku ngapi na nakala ya hukumu itapatikana lini. Muda huo una kikomo, na ukipita, ombi la kuongezewa muda huhitaji sababu za kuridhisha.

Wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa rasmi wajue kuwa kifungu cha 160 kinaweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kutambulika katika jamii kama mume na mke. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini hata ikipingwa, mahakama ina uwezo wa kutoa amri kuhusu matunzo na nafuu nyingine. Kwa upande wa wajane na wagane, kifungu cha 114 hakihusiki, kwa kuwa kinahusu talaka na kutengana. Masuala yao huamuliwa kwa sheria za mirathi.

Msaada unapatikana wapi

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa huduma ya bure kwa wasio na uwezo. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa hutoa elimu, huelekeza utaratibu na husaidia kuandaa nyaraka, ingawa hawawakilishi watu mahakamani. Maofisa wa ustawi wa jamii hushughulikia matunzo ya watoto na usuluhishi wa familia. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, hivyo mwananchi ana haki ya kuelewa kinachosemwa katika shauri lake.

Maswali ya kujipima

Swali la kwanza: Mke asiye na kipato anaweza kupata sehemu ya nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa mume? Jibu: Ndiyo. Kazi ya nyumbani ni mchango kwa mujibu wa hukumu ya Bi Hawa Mohamed. Kiasi atakachopata kitategemea ushahidi.

Swali la pili: Mgawanyo ni lazima uwe nusu kwa nusu? Jibu: Hapana. Mahakama huelekea kwenye usawa baada ya kupima mchango, madeni, mila na mahitaji ya watoto.

Swali la tatu: Baraza la kata limeandika kuwa mke achukue shamba na mume achukue nyumba. Je, ndoa imevunjwa na mali zimegawanywa? Jibu: Hapana. Kazi ya baraza ni kupatanisha na, likishindwa, kutoa hati. Amri hutolewa na mahakama.

Swali la nne: Mume amempata mnunuzi wa nyumba ya familia, na hati ina jina lake. Mke afanye nini? Jibu: Atoe taarifa kwa mnunuzi kwa maandishi kuwa hajaridhia, awasilishe maombi ya zuio katika mamlaka ya usajili wa ardhi, na atafute msaada wa kisheria kabla mauzo hayajakamilika.

Familia zinazoyajua haya hazilazimiki kusubiri ugomvi ndipo zianze kutafuta karatasi. Daftari la matumizi ya ujenzi likitunzwa, risiti zikihifadhiwa mahali ambapo wote wawili wanapajua, na majina mawili yakiandikwa kwenye hati tangu mwanzo, kila mmoja atakuwa na ushahidi wa jasho lake, na watoto watabaki na mahali pa kulala wakati wazazi wanaamuliwa.